Negativu za Studio na Skana ya Kioo

Leo nina neno na wale wote wenye negativu ndani ya nyumba. Ziko kwenye droo ya kabati la vyombo, ziko kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, ziko kwenye bahasha ya studio ambayo jina lake limebaki juu ya bahasha tu, maana studio yenyewe siku hizi inauza simu. Najua mko wengi. Najua pia kwamba wengi wenu mmewahi kutaka kuzitia kwenye kompyuta, mkakutana na jibu moja kati ya mawili. Ama kijana wa steshenari alizilaza kwenye mashine yake ya kutoa kopi, akakurudishia karatasi nyeusi tii na kukwambia hizi zimeshaharibika. Ama ndugu aliyeko Ulaya alikwambia kazi hiyo inataka mashine maalumu, bei yake pikipiki nzima, kwa hiyo vuta subira. Mmoja hakuwa na chombo cha kazi, na mwingine alikuwa anazungumzia filamu zake, siyo zako.

Mimi nasema hivi. Skana ya mezani, ile ya kioo na mfuniko, ilimradi iwe na taa ndani ya mfuniko, inatosha kwa sehemu kubwa ya picha zilizopigwa katika studio zetu tangu miaka ya 1930 hadi miaka ya 1970. Haitoshi kwa kila kitu, na nitasema haitoshi wapi. Lakini kwa picha ya bibi aliyesimama mbele ya pazia lililochorwa minazi, inatosha na kubaki.

Tuanze na ile karatasi nyeusi. Picha ya karatasi huonekana kwa mwanga unaoigonga na kurudi machoni. Negativu huonekana kwa mwanga unaopenya, na ndiyo sababu mzee mpiga picha alikuwa akiishika kwa ncha za vidole na kuielekeza dirishani. Mashine ya kutoa kopi ina taa moja tu, nayo iko chini ya kioo. Inamulika juu, inangoja mwanga urudi, na kwenye negativu haurudi wa kutosha. Skana ya filamu ina taa ya pili huko juu. Ukiufunua mfuniko wake utaona ubao mweupe uliochomekwa kwa ndani. Uvute, utatoka, na nyuma yake kuna dirisha la kioo. Mwanga unatoka hapo, unapita kwenye filamu, unashuka hadi kwenye jicho la mashine. Kama mfuniko hauna dirisha hilo, usipoteze muda wako wala nauli yako.

Jicho nalo lina aina mbili. Zile mashine nyembamba tunazonunua kwa kuchapa, kutoa kopi na kuskani vyote kwa pamoja, nyingi zina jicho linaloona vizuri kitu kilichogusa kioo tu. Ukikiinua milimita mbili, tayari kimefifia. Skana za filamu huwa nene, kwa sababu ndani yake kuna vioo na lenzi, na jicho la namna hiyo linaweza kuona kitu kilichoelea juu kidogo ya kioo. Hilo ni muhimu, maana filamu hupangwa kwenye fremu ya plastiki inayoiinua. Kwa hiyo ukienda kununua skana ya mtumba, usiulize rangi wala mwaka. Ufunue mfuniko, halafu uulize ile fremu ya plastiki iko wapi. Wauzaji wengi wameshaitupa, wakidhani ni takataka za boksi. Wapo pia wanaofanya ujanja wa kulaza simu yenye skrini nyeupe juu ya negativu. Nimeona matokeo yake: uso wa mtu umejaa vijitundu vya skrini, utafikiri ana tetekuwanga.

Sasa tuje kwenye namba, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa mchana. Kwenye boksi la skana huandikwa namba ya nukta kwa inchi, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo muuzaji anavyotabasamu. Skana moja maarufu sana kwa watu wa kawaida, Epson Perfection V600, imeandikwa 6400. Ni kweli mashine itaandika nukta hizo zote ndani ya faili, faili litanenepa na diski itajaa. Ila lenzi haioni undani wa kiasi hicho. Waliozipima mashine hizi kwa sahani zenye mistari midogo midogo hawapati hata theluthi ya namba hiyo. Mimi nikipiga hesabu huchukua 1500, na sijawahi kulia.

Tupige basi hesabu yenyewe. Mkanda wa milimita 35, ule tulioujua sote, una picha za milimita 24 kwa 36. Kwa nukta 1500 za kweli unapata picha yenye pikseli kama milioni 3. Ukiichapa inatoka postikadi nzuri, ukitaka kubwa kuliko hapo inaanza kulegea. Sasa chukua mkanda wa 120, ule mpana uliozungushiwa karatasi, uliotoa picha 12 za mraba na kwisha. Kila picha ina milimita kama 56 kwa kila upande. Mashine ni ileile, nukta ni zilezile, lakini safari hii unapata karibu pikseli milioni 11, na picha ya inchi 11 kila upande ya kutundika ukumbini. Mashine haijaongezwa nguvu. Filamu ndiyo kubwa.

Na hapo ndipo ninapoachana na washauri wa Ulaya na Marekani. Ukiwasikiliza wanaopenda mambo haya huko, wanaidharau skana ya kioo. Wana haki yao. Kule baba wa familia alitembea na kamera shingoni, kwa hiyo urithi wa nyumba nyingi ni mikanda ya milimita 35 na masanduku ya slaidi za likizo. Kwetu nyumba nyingi hazikuwa na kamera. Ulivaa, ukatoka, ukaenda studio, ukaambiwa inua kidevu, tazama hapa. Na mwenye studio alitumia filamu pana, au kipande kizima kimoja kwa picha moja, kwa sababu alitaka uso utoke safi na apate nafasi ya kuurekebisha kwa penseli. Umaskini wetu wa kamera umetuachia negativu kubwa kuliko za matajiri. Nalisema hili kwa furaha kidogo, msikilizaji, nisamehe.

Negativu hizo si chache. Unguja, Mji Mkongwe, ipo Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na kabla yake jina lililovuma pale lilikuwa A. C. Gomes, tangu karne ya 19. Mombasa alikuwepo N. V. Parekh. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, fundi wa kukata na kuunganisha picha hadi mtu aonekane mahali asipopata kufika. Hao ndio walioingia vitabuni. Lakini Tabora, Kisumu, Bukoba, Bukavu, kila mji wenye soko ulikuwa na mtu wake mwenye chumba cha giza, beseni za dawa na kamba ya kuanikia. Huyo alisafisha picha, akampa mteja karatasi, na negativu akaitia kwenye bahasha yenye namba, kwa tamaa kwamba mteja atarudi kuagiza nyingine. Mteja hakurudi. Bahasha ipo.

Ipo, lakini inaoza, na hapa nataka tukae kidogo.

Filamu nyingi za kuanzia katikati ya karne iliyopita zimetengenezwa kwa plastiki ya asetati. Ukingoni utasoma neno SAFETY, maana yake filamu isiyoshika moto ovyo kama ile iliyotangulia. Asetati ina adui wawili, joto na unyevu, na sisi wa pwani tunavyo vyote viwili mwaka mzima. Ikianza kuoza hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na asidi hiyo huharakisha uozo wa kipande kilichoitoa na cha jirani yake. Ndiyo maana ukifungua bati lililofungwa miaka mingi unaweza kupigwa na harufu kali ya achari. Hiyo ni dalili. Baadaye filamu husinyaa, na kwa kuwa tabaka la dawa juu yake halisinyai kwa kiasi kilekile, picha hujikunja na kufanya matuta. Ikifika hapo, hakuna fremu ya plastiki itakayoinyoosha. Kwa hiyo unapoamua uanze na ipi, usianze na ile unayoipenda. Nusa. Inayonuka siki ndiyo ya kwanza, na uitenge mbali na nyingine leo hii.

Za zamani zaidi, kabla ya miaka ya 1950, zaweza kuwa za nitrati. Hizo zinashika moto upesi, na zikishika huendelea kuwaka hata ukizitumbukiza majini. Ukikuta filamu ya umri huo inayonata, iliyogeuka kahawia au inayoacha unga, usiipeleke karibu na taa wala jiko. Mtafute mtu wa makumbusho au wa nyaraka za taifa akusaidie.

Halafu kuna ukungu. Tabaka la picha limeshikwa na jelatini, na jelatini ni chakula. Kuvu hukaa juu yake na kuchora mizizi kama utando. Watu wakiona hivyo hukimbilia maji, kwa kuwa wanakumbuka filamu ilisafishwa kwa maji. Usithubutu. Kuvu ikishaila jelatini, jelatini hiyo huyeyuka majini, na uso wa babu utaondoka pamoja na uchafu. Iache kavu, ipige hewa kwa pampu ndogo ya mpira, iskani hivyohivyo na madoa yake. Na usipulize kwa mdomo. Pumzi ina mate, na mate yakikauka juu ya filamu yanaacha alama utakayoiona vizuri sana ukishaikuza.

Haya, twende mezani. Osha mikono, kausha, au vaa glavu za pamba. Futa kioo cha juu na cha chini kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kanga ya zamani, laini namna gani, ina nyuzi. Shika filamu kingoni, ielekeze kwenye mwanga kwa mshazari, na utaona upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia. Uliofifia ndio wenye dawa, ndio wenye picha. Kama ni filamu ya studio, huko utaona pengine mikwaruzo laini ya penseli kwenye paji la uso au chini ya macho. Usiifute. Ni kazi ya fundi, alikaa nayo akiondoa makunyanzi ya mteja wake mstari kwa mstari, na ni sehemu ya picha kama vile pazia.

Fremu zinazokuja na skana zimekatwa kwa mkanda wa milimita 35 na kwa ule wa 120. Filamu za studio zilizokatwa vipande vikubwa hazina fremu, na hapo itabidi ulaze filamu juu ya kioo. Ukilaza upande unaong'aa, vitu viwili laini vinagusana, na kwenye picha hutokea miviringo ya ajabu, mmoja ndani ya mwingine, hasa mahali penye anga au ukuta mweupe. Laza upande wenye dawa chini, miviringo inatoweka. Ila sasa picha itatoka kinyume, wa kulia yuko kushoto, kwa hiyo uigeuze kwenye kompyuta. Utajuaje kama umeigeuza sawa? Kwa mwanamume tazama vifungo vya shati. Kwa mwanamke ni rahisi zaidi, soma kanga. Kwenye negativu pana iliyoskaniwa vizuri maandishi ya kanga yanasomeka, na nitakuambia raha mojawapo ya kazi hii ni hiyo: kugundua baada ya miaka 50 alichokuwa anakisema mtu kwa nguo siku aliyokwenda kupigwa picha, huku uso wake umetulia kabisa. Wakati mwingine unajua hata alikuwa anamwambia nani.

Jambo la V600 na wenzake ni kwamba taa yao ya juu ni nyembamba, upana wake kama sentimita 7 tu. Mkanda wa 120 unaingia bila shida. Kipande kikubwa zaidi ya hapo, au sahani ya kioo ya enzi za Gomes, utaiskani mara mbili na kuunganisha kwenye kompyuta, au utafute mashine yenye taa pana, kama V850 ya kampuni hiyohiyo, ambayo ni ghali. Chama cha wapiga picha, chuo au makumbusho ya mji wanaweza kununua moja ikatumiwa na wengi. Mtu mmoja kujinunulia hiyo kwa bahasha mbili za familia, kwa maoni yangu, ni kujionyesha.

Mipangilio sitaimaliza hewani, lakini machache. Iambie programu kwamba hii ni filamu, na ni negativu ya nyeusi na nyeupe, au ya rangi, au ni slaidi. Weka 2400, juu kidogo ya uwezo wa kweli, basi. Chagua biti 16. Zima kila kitu kinachojiita kuboresha, kung'arisha au kuongeza makali. Hayo utafanya baadaye kwenye nakala, ukiyafanya kwenye skana hayarudi nyuma. Kisha tazama ile grafu ya mwanga na uhakikishe haijakatwa upande wowote, kwa sababu hapa kwetu kuna kosa moja linalorudiwa sana. Mashine huona sura nyeusi iliyokaa mbele ya pazia jeupe na kuamua picha nzima ina giza, au huona kanzu nyeupe na kuifuta mikunjo yote. Usiiachie iamue. Vuta alama za grafu kwa mkono mpaka uone ngozi ina ngozi na kanzu ina kitambaa.

Kama skana ni ya zamani na kompyuta mpya inaikataa, usiitupe. Ipo programu iitwayo VueScan, inayoendesha maelfu ya aina za skana, nyingi kati yake zimeshaachwa na watengenezaji wao. Inalipiwa, lakini ni nafuu kuliko mashine.

Kuna kitufe kinachosifiwa sana cha kuondoa vumbi kwa miale ya infraredi. Kinafanya kazi hivi: rangi za filamu hupitisha miale hiyo, vumbi na mikwaruzo haipitishi, kwa hiyo mashine inajua uchafu uko wapi na kuuziba. Kwa filamu za rangi ni neema. Kwa nyeusi na nyeupe za studio ni balaa, kwa sababu picha yenyewe ni fedha, madini ya fedha, na fedha huzuia miale. Mashine itadhani pua ya shangazi ni vumbi. Kizime.

Nimesema nitaeleza skana hii haitoshi wapi. Haitoshi kwa mikanda ya milimita 35 ukitaka picha kubwa, na kuanzia miaka ya 1980 rangi na milimita 35 ndivyo vilivyotutawala, harusi zote, maulidi, komunyo ya kwanza, mahafali. Kwa albamu na kutumiana kwenye simu, sawa. Kwa bango, tafuta skana maalumu ya filamu, au mpiga picha mwenye kamera nzuri na lenzi ya karibu, aipige negativu ikiwa juu ya taa nyeupe. Rangi ya chungwa unayoiona kwenye negativu hizo isikutishe, imewekwa kiwandani kwa makusudi na programu inaiondoa. Kinachosumbua ni rangi iliyochuja. Kwenye filamu nyingi za rangi za zamani, ile rangi ya samawati hufa kwanza hata gizani, ndiyo maana slaidi zinageuka nyekundu na watu wote wanaonekana wamesimama mbele ya moto. Inarekebishika kwa kiasi, kwa uvumilivu.

Slaidi kwetu ni chache majumbani. Zilipigwa zaidi na walimu wa kigeni, wamisionari, mabwana shamba na watalii, na nyingi ziko kwa wajukuu wao huko Ulaya na Marekani. Kama una rafiki wa aina hiyo, muulize. Akikuambia ni Kodachrome, furahi, maana rangi zake hudumu gizani kuliko karibu zote za wakati wake. Filamu hiyo ilianza 1935, ikaachwa kutengenezwa 2009, na maabara ya mwisho duniani kuisafisha, huko Kansas, ilifunga kupokea mikanda mwishoni mwa 2010. Mwambie rafiki asitumie kile kitufe cha vumbi bila kujaribu kwanza, Kodachrome nayo huwa inakisumbua.

Sasa mafaili. Negativu moja ya 120, nyeusi na nyeupe, kwa mipangilio niliyoitaja, ni kama megabaiti 56 ikiwekwa kama TIFF. Flashi ya gigabaiti 64 inabeba kama 1000. Lakini flashi ni ya kubebea, haifai kutunzia. Weka nakala tatu, moja iwe nje ya nyumba, kwa ndugu wa mji mwingine. Na jina la faili lisiwe picha001. Liwe na mwaka, mahali na mtu, hata kama mwaka ni wa kukisia. Mwite anayewajua, mkalishe mbele ya skrini, mrekodi sauti kwa simu wakati anataja majina. Wazee hukumbuka zaidi wakiwa wanabishana, kwa hiyo waite wawili.

Hapa nafika kwenye jambo linalonikera kuliko vumbi. Watu wakishaskani tu, wanatuma. Kikundi cha WhatsApp, Facebook, duniani kote. Msikilizaji, picha za studio za pwani zilikuwa amana. Kuna wanawake waliovua buibui ndani ya studio, au nyumbani mbele ya mpiga picha aliyeaminiwa, wakapigwa na nywele zao na dhahabu zao, kwa ajili ya mume aliyekuwa safarini au kwa kumbukumbu yao wenyewe. Picha ilifungwa kwenye bahasha, ikafichwa kwenye kasha la nguo. Huyo hakukubali kutazamwa na watu elfu tatu wasiomjua, na kufa kwake hakukufuta kutokukubali kwake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata kabla ya sheria kuna stara. Kuskani ni kuhifadhi. Kutangaza ni uamuzi mwingine kabisa, na mwenye kuuamua ni mhusika, au watoto wake, au nduguze. Mwenye skana hana sauti hapo. Na ninyi mnaokusanya bahasha za studio zilizofungwa kwa ajili ya maonyesho na vitabu, hilo linawahusu zaidi.

Ukimaliza, usitupe negativu. Nimesikia watu wakisema sasa iko kwenye kompyuta, ya nini tena. Filamu iliyokaa miaka 60 bado inaweza kutazamwa kwa mwanga wa dirisha. Diski yako ya leo hakuna anayekuhakikishia miaka kumi. Zaidi ya hapo, skana bora kuliko yako itakuja, na itaitaka negativu ileile. Itie kwenye bahasha ya karatasi, usiibane kwenye mfuko wa plastiki wala bati lisilopitisha hewa. Andika juu ya bahasha kabla hujaitia, kalamu isije ikaacha mkandamizo kwenye filamu. Iweke chumba chenye ubaridi kuliko vyote, mbali na sakafu na mbali na dari ya mabati.

Neno langu la mwisho ni kwa wale mliorithi jengo ambalo zamani lilikuwa studio, au mnaolinunua sasa. Kabla ya fundi kuanza kubomoa, panda darini, fungua kile chumba kidogo kisicho na dirisha, angalia nyuma ya kaunta. Ukikuta masanduku ya bahasha zenye namba, usiyachome. Mpigie aliyekuwa na studio au watoto wake. Usipowapata, nenda makumbusho ya karibu au ofisi ya nyaraka, uwaambie ni za nani, za mtaa gani, za miaka gani, na uombe wakuandikie kwamba wamezipokea.